Waliomhamisha Mtu Wakauacha Ukumbi

Mwaka 2011 mwanamke wa London aitwaye Jess Thom alikwenda kumtazama mchekeshaji Mark Thomas. Thom anaishi na hali ya Tourette. Mwili wake hushtuka pasipo hiari, ngumi hupiga kifua, na kinywa hutoa maneno asiyoyapanga. Mojawapo ni "biskuti", ambalo hulitamka maelfu ya mara kwa siku. Kwa kuwa anajijua, alifanya yote ambayo mtu mstaarabu angeweza kufanya. Aliwasiliana na wahusika mapema. Naye mchekeshaji, kabla ya kuanza, akawaeleza watazamaji kwamba miongoni mwao yumo mtu atakayesikika, na kwamba sauti hizo hazina ubaya wala kejeli. Onyesho likaanza. Ulipofika muda wa mapumziko, Thom akaombwa jambo moja: kuna watu wamelalamika, je, angekubali kwenda kukaa katika chumba cha mafundi wa sauti, amalizie kutazama humo?

Alikubali. Kwa simulizi yake mwenyewe, alikaa mle akilia, akajiapiza kwamba hatakanyaga tena katika ukumbi wa maonyesho.

Kisa hiki ningependa kijulikane na kila mwongozaji, kila meneja wa ukumbi na kila mwalimu wa sanaa, kwa sababu hakina mtu mbaya ndani yake. Mchekeshaji alikuwa muungwana. Aliyemwomba ahame huenda alitumia sauti ya upole, na huenda aliona amempa mgeni nafasi nzuri ya kuona jukwaa. Hata waliolalamika walikuwa wamelipa kiingilio na walitaka kusikia vichekesho vyao. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zikijumlishwa zilimtoa mtu mmoja nje ya umma. Viti vilibaki pale pale, sheria ya kunyamaza ikabaki kama ilivyo, walalamikaji hawakuguswa. Kilichohamishwa ni mtu.

Tuanze hapo hapo, kwenye hiyo sheria ya kunyamaza, maana wengi huidhani ni maumbile ya sanaa. Si kweli. Katika majumba ya London enzi za Shakespeare, maskini walisimama mbele ya jukwaa wakila njugu, wakipiga kelele na kujibizana na waigizaji. Ukumbi wa giza ambamo watu huketi kimya wakielekea mbele ni desturi changa. Jumba la mtunzi wa opera Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, lililofunguliwa mwaka 1876, ndilo linalotajwa sana kuwa liliwafundisha Wazungu kuzimiwa taa na kufunga mdomo. Umri wake haujatimiza hata karne mbili.

Huku kwetu desturi hiyo ni ngeni zaidi. Nenda kwenye taarabu, Tanga au Unguja, uone mama anavyonyanyuka katikati ya wimbo, noti mkononi, akicheza taratibu kumwendea mwimbaji ili amtunze, na njiani akimtupia mwenziwe jicho ili ajue ubeti ule umemlenga nani. Ukimwambia aketi na anyamaze umeiua taarabu yenyewe. Msimulizi wa hadithi haanzi mpaka ajibiwe. Kwenye uwanja wa ngoma watoto hukatiza miguuni mwa wachezaji, mzee husimama akaonyesha hatua zake za ujanani akarudi kuketi, na yule kijana ambaye mtaa mzima unamjua kuwa hatulii hucheza pembeni kwa mtindo wake bila mtu kuitisha kikao. Uwanja wa namna hiyo haukumwandalia kijana yule mpango wowote maalumu. Ulikuwa tu haujajenga ukuta wa kumzuia.

Nisieleweke vibaya. Mtaa ule ule uliomwacha kijana acheze ndio uliomfungia binti wa jirani chumba cha uani ili wageni wasimwone. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, lakini methali hiyo imetumika zaidi kumtisha anayecheka kilema kuliko kumpa kazi mwenye kilema. Ninachosema ni kwamba tunapojenga kumbi mpya zenye ngazi mlangoni na matangazo ya "kimya tafadhali", tunanunua kitu ambacho waliotuuzia wameshaanza kukitilia shaka.

Tabia ya kumhamisha mtu ina sura nyingi, na nyingine huvaa joho la huruma. Februari 2019, ukumbi wa Southwark Playhouse, London, ulionyesha tamthilia ya Alex Oates iitwayo All in a Row. Ni habari ya usiku mmoja katika nyumba ya wazazi ambao kesho yake mwana wao Laurence, mwenye umri wa miaka 11, anachukuliwa kwenda kuishi shule ya bweni. Laurence ana usonji na hazungumzi. Mwandishi hakuwa mgeni wa jambo hili. Alikuwa amefanya kazi ya kuwalea watoto wenye usonji kwa miaka mingi, na mapenzi yake kwao hayana sababu ya kutiliwa shaka. Mama aliigizwa na mtu. Baba aliigizwa na mtu. Mlezi aliigizwa na mtu. Laurence alikuwa kikaragosi, kikiendeshwa na mtu mzima.

Tangazo la video liliposambaa, watu wenye usonji na wazazi wao walipandwa na hasira, na si vigumu kuona kwa nini. Katika nyumba nzima, aliyenyimwa mwili wa binadamu ni yule mmoja tu. Chama cha usonji cha Uingereza, National Autistic Society, kilitambua kwamba kazi hiyo ilikuwa na mazuri yake, lakini kikasema hakiwezi kuiunga mkono, na hicho kikaragosi kati ya waigizaji walio watu kikawa ndiyo sababu kuu. Watetezi wa tamthilia walikuwa na hoja yenye uzito: nafasi ya Laurence ina matukio ya kuuma na kupiga, na si haki kumbebesha mtoto mzigo huo usiku baada ya usiku.

Nakubali, mtoto asibebeshwe. Lakini sanaa ya jukwaa imeishi maelfu ya miaka kwa kukubaliana kwamba huyu si yule anayeonekana. Watu wazima huigiza watoto, wanawake huigiza wafalme, kijana wa miaka 20 hujipaka unga kichwani akawa babu na sote tukaamini. Kwa nini mawazo hayo yote yaishiwe nguvu palipotajwa mwigizaji mtu mzima mwenye usonji? Nadhani ni kwa sababu swali hilo huulizwa wakati muswada umekwisha, bajeti imepitishwa na tarehe ya kufungua imebandikwa ukutani. Saa hiyo mtu mwenye usonji akiitwa, anaitwa kuja kutoa maoni juu ya kitu kilichokwisha kuamuliwa. Akisema kikaragosi hakifai, haambiwi basi tukitupe. Huambiwa asante kwa mchango wako.

Haikupita miaka miwili. Mwimbaji Sia akatoa filamu yake Music, mwaka 2021, ambamo mhusika mkuu ni msichana mwenye usonji asiyezungumza kwa wepesi. Nafasi hiyo alipewa Maddie Ziegler, mcheza dansi hodari ambaye hana usonji. Waigizaji wenye usonji walipohoji hadharani Novemba 2020, Sia alijibu kwamba alijaribu kufanya kazi na msichana mwenye hali hiyo, ikaonekana kazi inamsumbua na kumpa mkazo.

Jibu hili linastahili kusomwa pole pole. Kiwanja cha kupigia filamu kina taa kali, watu wanaozungumza kwa redio za mkononi, saa za kusubiri zisizojulikana mwisho wake, na mabadiliko yanayotangazwa dakika tano kabla. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoshushwa kutoka mbinguni. Taa zinaweza kuwashwa pale tu zinapohitajika. Ratiba inaweza kuandikwa na kuheshimiwa. Wasiohitajika wanaweza kutoka chumbani. Msichana alipoelemewa, zilikuwapo njia mbili: kubadilisha chumba au kubadilisha msichana. Wakabadilisha msichana. Na hasara haikumwangukia yeye peke yake. Ndani ya filamu zikaingia picha za mhusika akikandamizwa chini kwa nguvu ili atulie, jambo ambalo watu wenye usonji wamelipinga kwa miaka mingi kwa kuwa limeumiza na hata kuua. Kelele zikawa kubwa, Sia akaomba radhi na kuahidi kwamba picha hizo zitaondolewa. Filamu ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo mbili za Golden Globe, lakini leo ukiitaja mbele ya wasanii wenye usonji huulizwi habari ya tuzo. Mtu mmoja aliyewahi kukandamizwa namna ile, akikaa na waandishi wiki ya kwanza, angewaokoa na fedheha yote hiyo.

Kuna anayesema: lakini mwigizaji kazi yake si kuwa mtu mwingine? Ndiyo. Na hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ingeenda pande zote mbili, yaani kama mwigizaji mwenye usonji naye angepewa daktari, mume wa mtu, jambazi au mfalme. Hapewi hizo kwa sababu "haendani", kisha ile inayoendana naye inakwenda kwa mwingine kwa sababu "kuigiza ni kuigiza". Tamthilia ya The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, iliyotokana na riwaya ya Mark Haddon na ambayo kijana wake Christopher husomwa na wengi kuwa ana usonji, ilifunguliwa London mwaka 2012, ikavuka hadi majumba ya Broadway, New York, ikazoa tuzo pande zote za bahari. Ilipofika 2017 ndipo Mickey Rowe, ambaye ana usonji na uoni hafifu, alipopewa Christopher katika majumba ya Indianapolis na Syracuse, akawa mwigizaji wa kwanza mwenye usonji kuibeba nafasi hiyo katika jukwaa la kitaalamu Marekani. Miaka mitano. Rowe amewahi kueleza kwamba kwa mtu kama yeye kuongea kwa maneno yaliyoandaliwa ni jambo la kila siku: anaponunua kahawa, anaposalimiana na mgeni. Wengine husomea chuoni ufundi ambao yeye ameishi nao tangu utotoni.

Sasa tuhamie kwenye ngazi, maana hapo mjadala huacha kuwa wa nadharia. Ali Stroker alipata ajali ya gari akiwa na miaka miwili na tangu hapo anatumia kitimwendo. Mwaka 2015 alikuwa mwigizaji wa kwanza mwenye kitimwendo kupanda jukwaa la Broadway, katika Spring Awakening ya kundi la Deaf West, kundi la Los Angeles linalochanganya viziwi na wasikiao. Aprili 2019 akateuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa nafasi yake katika Oklahoma!. Sherehe ilikuwa Juni, Radio City Music Hall, New York, ukumbi wa maelfu ya viti. Wateule wengine waliketi na wenzao katikati ya hadhira, kila mmoja akingoja jina lake lisomwe, ainuke, akumbatiwe, apande. Stroker alingojea nyuma ya jukwaa. Hapakuwa na rampu ya kutoka kwenye viti kwenda jukwaani.

Alishinda. Akatokea pembeni, watu wakasimama kumshangilia, dunia ikaandika kwamba historia imefanyika. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ilikuwa na umri wa miaka 28 usiku huo. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba katika majumba ya Broadway sehemu ya watazamaji hutengenezwa ili mwenye kitimwendo aingie kununua tiketi, lakini nyuma, kwenye vyumba vya kuvalia na vyoo vya waigizaji, ni ngazi tupu. Angalia jinsi jengo linavyotoa siri ya waliolijenga: walimfikiria mlemavu kama mteja. Kumfikiria kama msanii hakukuwapo akilini, basi hakukuwapo kwenye ramani.

Jess Thom, yule tuliyemwacha akilia chumbani mwa mafundi, hakukitimiza kiapo chake. Alifikiri akagundua kwamba katika ukumbi mzima kuna sehemu moja tu ambayo hakuna mhudumu anayeweza kumwomba aondoke, nayo ni jukwaani. Mwaka 2014 akaenda tamasha la Edinburgh na onyesho lake Backstage in Biscuit Land. Ndani yake kila anachotamka bila kupanga huwa sehemu ya mchezo, na kwa sababu maneno hayo hayajui kujirudia kwa mpango, hakuna usiku unaofanana na mwingine. Miaka mitatu baadaye akafanya jambo gumu zaidi: akaigiza Not I ya Samuel Beckett, tamthilia fupi ya kinywa kinachobubujika maneno gizani kwa kasi ya kutisha, ambayo waigizaji wazoefu huiogopa. Kinywa kisichotii mwenyewe kilikuwa kimempata mtu anayekijua. Pembeni yake alikuwapo mkalimani wa lugha ya alama, naye akiigiza, hakuwekwa kona ya mbali kama mlinzi.

Kikundi chake, Touretteshero, kikashirikiana na Battersea Arts Centre, jumba la kusini mwa London ambalo ukumbi wake mkuu uliungua mwaka 2015 likalazimika kujijenga upya. Mwaka 2020 jumba hilo likatangaza kwamba kulegeza masharti kwa mtazamaji sasa ni desturi ya nyumba nzima, si fadhila ya alasiri moja kwa mwezi. Hapo awali, hata New York, mambo yalikwenda onyesho moja moja. Oktoba 2011, mwaka ule ule wa machozi ya Thom, shirika la TDF lilinunua viti vyote vya The Lion King kwa ajili ya familia zenye watoto wenye usonji: sauti zilipunguzwa, taa za kumetameta zikazimwa, sehemu za kutulia zikatengwa ukumbini nje. Ilikuwa hatua njema, lakini ilikuwa na kasoro yake: ilimtengea mtu siku. Siku nyingine zote alibaki mgeni. Septemba 2015, katika The King and I pale pale New York, mtoto mwenye usonji alipiga kelele wakati mtu anachapwa viboko jukwaani, baadhi ya watazamaji wakamgeukia mama yake kwa ukali. Mwigizaji mmoja wa onyesho hilo, Kelvin Moon Loh, aliandika hadharani kumtetea mama yule. Mimi huongeza langu: katika ukumbi mzima uliomwona mtu akichapwa, aliyelia ni mmoja, na ndiye aliyeambiwa hajui kutazama tamthilia.

Turudi nyumbani, ambako tuna sababu zetu za kuona haya na sababu zetu za kujivuna. Msikilizaji wa redio ya taifa Tanzania, kwa miongo mingi, ameitwa kwenye taarifa ya habari na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Mzee Morris alikuwa kipofu. Alizungukwa na ngoma nyingi akazipiga zote peke yake, na mdundo wake ukawa saa ya taifa: mama akiusikia hujua muda wa kuteleka, baba hunyamazisha watoto. Hakuna aliyesema tumsikilize kwa huruma. Aliwekwa pale kwa kuwa hapakuwa na mpigaji wa kumfikia.

Linganisha na leo. Kwa msanii mwenye ulemavu, mwaka mara nyingi una siku moja, nayo ni 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Simu hulia mwishoni mwa Novemba. Anaombwa aje aimbe au acheze mbele ya mgeni rasmi, anapewa fulana, soda na nauli, anapigwa picha, kisha kimya hadi Novemba nyingine. Bendi iliyopiga baada yake imelipwa. Kwa desturi hiyo tusishangae wasanii hawa wakibaki palepale kiufundi. Hakuna anayekomaa kwa onyesho moja kwa mwaka.

Vichekesho navyo. Mchekeshaji akiishiwa, huchechemea. Au hugugumia, au hukodoa macho na kutoa ulimi, na ukumbi huvunjika mbavu. Filamu nazo zina mtoto wao wa siku zote, yule aliyezaliwa na ulemavu kwa sababu bibi yake alikuwa mchawi au baba alidhulumu mali, ambaye kazi yake katika hadithi ni kuwa ushahidi wa dhambi ya mwingine, hadi mchungaji au mganga afike mwishoni amponye. Hapo kikaragosi cha London kinatupita kwa mbali kwa heshima.

Wala tusiseme hatuna sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inayataka mataifa yawawezeshe watu hawa kukuza vipaji vyao vya sanaa, na inasema wazi kwamba faida ni ya jamii nzima pia, si yao peke yao. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Yaani kiziwi anaweza kumfuata mbunge wake akizozana kuhusu bajeti, kisha akakosa kufuata mchezo wa kuigiza mtaa wa pili.

Vizuizi vyenyewe ni vidogo vidogo, na hilo ndilo huwafanya watu wasivione. Tangazo la usaili huwekwa WhatsApp kama picha ya rangi. Simu ya asiyeona, ambayo husoma maandishi kwa sauti, mara nyingi huishia kutamka kwamba hii ni picha. Mazoezi hupangwa saa moja jioni Kinondoni, na mwenye kitimwendo anaishi Mbagala, ambako utingo wa daladala akimwona kwa mbali humwashiria dereva akanyage mafuta. Muswada haupo, mwongozaji anasema wazo, waigizaji wanabuni papo hapo, na kesho kila kitu kimegeuka. Mtindo huo umetupa wachekeshaji wakubwa, siubezi. Lakini mwigizaji mwenye usonji anayehitaji kujua kesho kutakuwa na nini, au mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, anayehitaji kusikia maneno yake yakiwa yamerekodiwa kwanza, ataonekana mzito wa kushika. Ataondolewa kwa upole. Ataambiwa tutakupigia.

Uingereza walijifunza baadhi ya haya kwa kuwaachia wenyewe usukani. Kundi la Graeae lilianzishwa mwaka 1980 na Nabil Shaban, mwigizaji anayetumia kitimwendo, pamoja na Richard Tomlinson. Mwaka 1997 lilianza kuongozwa na Jenny Sealey, ambaye ni kiziwi, na ndiye aliyeongoza kwa pamoja na Bradley Hemmings ufunguzi wa Paralimpiki ya London mwaka 2012. Kazi zao hazitundiki ukalimani juu ya mchezo uliokwisha. Lugha ya alama, maandishi yanayoonekana jukwaani na maelezo ya sauti kwa wasioona huandikwa ndani ya mchezo tangu mwanzo: mhusika anayeeleza anachofanya mwenzake huweza kuwa mbeya wa mtaa, na umbeya wake ndio macho ya asiyeona. Mwanasanaa yeyote wa Kiswahili akisikia hivyo anajua kwamba hiyo ni kazi tunayoiweza. Tuna manju, tuna msimulizi, tuna jirani wa dirishani.

Na kuna Back to Back, kundi la Geelong, Australia, lililoanza mwaka 1987. Waigizaji wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu wa akili na wengine ambao ubongo wao hufanya kazi kwa namna yake, na ndio wanaozitunga tamthilia, si wanaotungiwa. Mchezo mmoja huweza kuwachukua miaka. Mwaka 2022 walipewa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, mwaka 2024 Simba wa Dhahabu wa Venice. Katika Ganesh Versus the Third Reich, ya mwaka 2011, walifanya jambo ambalo sijui kama wengine tungekuwa na ujasiri nalo. Walimweka jukwaani mwongozaji asiye na ulemavu, mwenye maneno matamu na nia njema, anayewafundisha kuigiza. Dakika zinavyokwenda maneno matamu yanaisha, anaanza kufoka, anaamuru, anasukuma. Halafu anawageukia watazamaji na kuwashutumu kwamba wamekuja kutazama vioja vya watu wenye kilema. Aliyelipa kiingilio ili aone jinsi anavyojali anaketi pale hana pa kuficha uso. Maneno hayo yote, pamoja na ukatili wa mwongozaji yule, yametungwa katika chumba ambamo waliofokewa walikuwa watungaji.

Kundi linaloanza mazoezi Jumatatu haliwezi kusubiri miaka wala tuzo, na halihitaji. Tangazo la usaili liandikwe kwa maneno, lisiwe picha peke yake. Kurasa za kusoma zitumwe siku kadhaa kabla, pamoja na ujumbe unaosema mlango ukoje, ngazi ni ngapi, chumba kina watu wangapi, na nani wa kupigiwa. Kila anayekuja aulizwe anahitaji nini ili afanye kazi vizuri, na aulizwe hivyo hivyo yule asiye na ulemavu, maana mama anayenyonyesha naye ana jibu. Kama jukwaa lina ngazi na fundi hajapatikana, mchezo ushuke chini uchezwe uwanjani, wote. Na mkalimani wa lugha ya alama alipwe kutoka fungu lile lile la mpiga ngoma, afike siku ya kwanza ya mazoezi, asiitwe jioni ya uzinduzi baada ya mtu kukumbuka kwamba mgeni rasmi ataleta kamera.